Barua ya wazi kuhusu mboga za bonde la Msimbazi

Kwa waheshimiwa wenye dhamana ya mazingira, majitaka na usalama wa chakula, Dar es Salaam.

YAH: KEMIKALI KATIKA MBOGA ZINAZOMWAGILIWA KWA MAJITAKA

Nawaandikia nikiwa mkazi wa jiji hili na mlaji wa mchicha. Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita kando ya viwanda, gereji na makazi yasiyo na mabomba ya majitaka, hadi kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Njiani unamwagilia matuta ya mchicha, matembele na chainizi, mboga tunazonunua kwa mafungu sokoni. Mwaka 1999 wataalamu wawili, Bahemuka na Mubofu, walichapisha vipimo vya mboga zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, wakipima humo madini ya risasi, kadimiamu, shaba na zinki. Waliozaliwa mwaka huo leo ni wazazi wanaowapikia watoto wao mboga za mabonde hayohayo.

Kwanza, wananchi wanapewa ushauri nusu. Tunaambiwa tuoshe mboga na kuzipika vizuri. Ushauri huo unafaa dhidi ya kipindupindu na minyoo, na hata vumbi lenye risasi lililotua juu ya jani hupungua likioshwa. Lakini kadimiamu haikai juu ya jani. Inafanana na zinki, kirutubisho ambacho mmea unakihitaji, hivyo mizizi huipokea kwa njia zilezile na kuipandisha juu. Udongo ukiwa na tindikali, huingia kwa wingi zaidi. Majani hukusanya kuliko matunda, nasi tunakula majani. Hakuna moto wa jikoni unaoiteketeza, na ikishafika kwenye figo hukaa humo kwa miaka kumi na zaidi. Japani walijifunza hayo kwa uchungu: taka za mgodi ziliingia katika mto Jinzu, mto ukamwagilia mpunga, na walaji, wengi wao wanawake wa makamo, wakapata maradhi ya figo na mifupa iliyovunjika kwa urahisi. Serikali yao ilikiri chanzo hicho mwaka 1968, watu wakiwa wameshateseka kwa miongo mingi.

Pili, tunategemea mabwawa ya majitaka kwa kazi yasiyoundiwa. Jua, mwani na bakteria hupunguza vijidudu na uchafu unaooza. Metali haiozi: sehemu hutuama kwenye tope, sehemu huendelea na maji. Baadhi ya dawa za binadamu nazo hupita. Nchini Israeli, ambako sehemu kubwa ya majitaka husafishwa kwa mitambo ya kisasa na kurudishwa mashambani, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta dawa ya kifafa iitwayo kabamazepini katika mkojo wa watu wenye afya waliokula mboga na matunda yaliyomwagiliwa kwa maji hayo. Viwango vilikuwa vidogo sana, lakini wao wanavijua kwa sababu walipima.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, lawama hutupwa kwa mkulima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na kifungu hicho anasomewa mtu mwenye jembe na keni. Sheria hiyohiyo inamtaka mchafuzi alipie uchafu wake, na kanuni za ubora wa maji za 2007 zimeweka viwango vya majitaka yanayotolewa. Kwa nini mkono wa sheria uwe mwepesi bustanini na mzito kwenye bomba la kiwanda? Mkulima anasimama ndani ya maji hayo miguu mitupu. Yeye ndiye wa kwanza kudhurika.

Siombi bustani zifyekwe. Mji unahitaji mboga, na majitaka yana naitrojeni na fosforasi zinazofaa shambani. Naomba maji yapimwe pale yanapotoka kiwandani, kabla hayajachanganyika na ya majumbani, hasa wakati wa kiangazi mto unapopungua. Matokeo yabandikwe kwa Kiswahili katika ofisi za serikali za mitaa, eneo kwa eneo. Udongo nao upimwe. Wenye tindikali uwekewe chokaa, na matuta yaliyoathirika vibaya yageuzwe kuwa vitalu vya maua na miche ya miti, huku wakulima wake wakisaidiwa wasipoteze riziki.

Maabara tunazo, wataalamu tunao, na mamlaka mnayo. Naomba mtujibu hadharani, kabla ya kiangazi kijacho: ni mabomba mangapi yanayoingia Msimbazi yana kibali, na kila moja lilipimwa mara ya mwisho lini?

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi na mlaji, Dar es Salaam