Eti Ongeza Nguvu

"Ongeza nguvu!" Ndilo somo zima la kuvua kwa mshipi nililowahi kusikia likitolewa kwetu Nyakakika. Ndoano ikidondoka karibu, ongeza nguvu. Ikinasa kwenye mti nyuma yako, ongeza nguvu. Ikishindikana kabisa, ingia majini hadi magotini. Nasema ushauri huu ni mbovu, na kwenye Mto Kagera, wenye mamba na viboko, ni ushauri wa kuua mtu.

Mtazame kijana mwenye ufito wa mwanzi, mshipi uliofungwa nchani, ndoano na nyungunyungu. Hana kipande cha risasi cha kuuvuta mshipi mbele, kwa hiyo anaupiga nyuma kwanza, juu ya kichwa, kama anayechapa ng'ombe. Nyuma kuna mafunjo, kuna miti, na mara nyingi kuna mdogo wake aliyeshika kopo la chambo. Ndoano inapita usawa wa macho ya huyo mtoto. Nyungunyungu naye akichapwa hivyo mara mbili anachomoka, samaki anakuta chuma kitupu.

Wavuvi wa Uskoti walishakutana na shida hii. Kwenye kingo za mto Spey miti humnyima mvuvi nafasi ya nyuma, na chambo chao ni nzi bandia wa manyoya, mwepesi kuliko hata nyungunyungu wetu. Wakaja na mrusho unaoitwa kwa jina la mto huo. Msingi wake ni huu: vuta mshipi polepole juu ya maji kuja kwako. Inua ufito hadi karibu na sikio, utulie kidogo, mshipi uning'inie kando yako kama tumbo la upinde huku ncha yake ikiwa bado imeshikwa na maji mbele. Kisha sukuma mbele, taratibu halafu haraka, na usimame ghafla ufito ukiwa bado juu. Kusimama huko ndiko kunakorusha. Ufito uliopinda unajinyoosha, mshipi unajikunjua wenyewe. (Upepo ukitoka kulia, rushia bega la kushoto.)

Najua nitakachojibiwa: hayo ni mambo ya wazungu wenye fito za mamilioni. Sikubali. Wajapani wa milimani wana tenkara, uvuvi wa ufito na mshipi uliofungwa nchani, bila gurudumu la kukunjia, kama huu wetu. Kinachotakiwa ni mshipi usiozidi sana urefu wa ufito, na mkono usio na haraka.

Wala msiende kujifunzia kwenye uwanja wa mpira. Nyasi haziushiki mshipi kama maji yanavyoushika, na mtarudi mkisema nimewadanganya. Nendeni kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe. Badala ya ndoano fungeni kipande cha uzi mwekundu, na msikiondoe mpaka kitue mbele mara ishirini mfululizo bila kugusa kitu nyuma.