BARABARA YA JUU NI YA NANI?

Ndugu wafanyi kazi,

Mwaka 2022 ilifunguliwa barabara ya juu hapa Nairobi, kilomita 27, toka Mlolongo hata Westlands. Apitaye hulipa. Mwenye pikipiki haruhusiwi, wala aendaye kwa miguu. Nasi twajua ni wangapi katika mji huu huenda kazini kwa miguu, wakivuka Barabara ya Jogoo alfajiri roho mkononi!

Hujibiwa kwamba fedha zilikuwa za kampuni ya Kichina. Haya, na ardhi je?

Mimi ni mtu wa reli. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, ipo. Mabehewa ndiyo haba. Treni ya Embakasi hujaa mpaka mlangoni. Twataka treni zaidi asubuhi na jioni, na njia za miguu zenye taa.