Vidonge vikali visiuzwe kama karanga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe maoni yangu kuhusu tabia ya kununua antibiotiki kali bila cheti cha daktari.

Hapa Kigoma mjini, Ujiji na katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, kama ilivyo kwingine nchini, si ajabu mtu kuingia duka la dawa akaomba vidonge vya sefuroksimu, au vingine vya jamii ya sefalosporini, tena vinne tu, kwa sababu ana mafua au homa. Dawa hizi huua bakteria. Haziui virusi vya mafua, wala vimelea vya malaria. Mwenye malaria anayezimeza anapoteza fedha na wakati, huku ugonjwa ukimpanda kichwani.

Liko na kosa la pili, nalo ni nusu dozi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini si kwa antibiotiki. Bakteria dhaifu hufa, wenye nguvu hubaki, wakazaana na kuwa sugu. Tena tukumbuke kwamba sindano ya seftriaksoni, ambayo hospitali huitegemea kutibu homa ya uti wa mgongo na maambukizo mengine makali, ni ya jamii hiyo hiyo. Bakteria walioshinda vidonge wanaweza kuishinda hata sindano. Siku hiyo mgonjwa mahututi atapona kwa dawa gani?

Haya si maneno ya kutishana bure. Wataalamu walikadiria kuwa mwaka 2019 usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo vya watu 1,270,000 duniani. Shirika la Afya Duniani nalo limeiweka sefuroksimu katika kundi la dawa zinazohitaji uangalifu zaidi.

Najua wapo watakaosema kwamba mvuvi aliyefika mjini kwa boti hana fedha za dozi nzima wala nafasi ya kupanga foleni. Ni kweli, nami simlaumu. Lakini nusu dozi si nafuu, ni hasara mara mbili. Afadhali amweleze mganga uwezo wake, huenda ipo dawa nyingine ya bei ndogo inayofaa. Pia aseme kama penisilini humdhuru, maana baadhi ya watu wa namna hiyo hudhurika na sefalosporini vile vile.

Nawaomba wenye maduka ya dawa wasiuze dawa hizi pasipo cheti. Waganga nao wamweleze mgonjwa vidonge vingapi, mara ngapi kwa siku na kwa siku ngapi, na kwamba vidonge vya sefuroksimu humezwa baada ya chakula. Baraza la Famasi na halmashauri zetu wasiishie kukagua maduka ya mjini, bali wafike hadi vijiji vya mwambao.

Dawa hizi ni akiba yetu sote. Tukiichezea leo, kesho hatutakuwa na pa kukimbilia.

Mwananchi Mkereketwa,
Ujiji, Kigoma.