Mtoto aulize jina la mwenye kumbebea mfuko

Ndugu wachimbaji, mama na vijana, najua mutaniuliza: sisi watu wa shimo, gofu inatuhusu nini? Hapa Uvira watoto wanapiga mpira wa miguu kwenye mchanga wa ziwa. Gofu ni ya Lubumbashi, kule ambako mtaa mzima wa wakubwa unaitwa Golf. Mashimo yao 18, kila moja lina upana wa milimita 108 tu. Yetu yanameza watu. Kamituga haijasahau Septemba 2020.

Lakini mimi gofu naijua kwa bega. Nikiwa na miaka 12, wakati wa likizo, nilivuka mpaka pale Kavimvira nikaenda kubeba mifuko ya wachezaji. Sheria yao inaruhusu mpaka fimbo 14 ndani ya mfuko, na jua la saa sita munalijua. Siku moja nilimbebea kijana wa rika langu. Tulipomaliza, baba yake akampa falanga anipe. Akazitupa kwenye majani, akaenda zake. Nikainama kuokota. Falanga zilikuwa kamili, sikuibiwa hata kidogo, na mpaka leo nikikumbuka naona haya. Juma lililofuata, mzee mmoja wa adabu sana aliniambia aksanti mara tatu, akanishika mkono, akapanda motokari. Hakulipa kitu.

Wale wawili nimewakuta tena kila mahali nilipotetea wafanyakazi.

Wenye kufundisha gofu wanazoeza watoto adabu: mchezo ukiisha unavua kofia, unapeana mkono, mchanga uliouchimba unausawazisha, anayekuja nyuma asipate taabu. (Sisi je, ni wangapi tunafukia shimo tukiliacha?) Hiyo ni nzuri. Ila mtoto afundishwe pia kumuuliza jina yule aliyebeba. Seve Ballesteros wa Hispania alibeba mifuko ya watu akiwa mtoto, na alijifunzia mchezo kwenye mchanga wa bahari. Mwaka 1979 alishinda British Open.

Na mtu asinigeuzie maneno. Kuna wakubwa wanaopenda sana neno shukrani: "Mushukuru, muko na kazi." Hiyo ni kumfunga mtu kinywa. Shukrani inatoka kwa aliyebebewa kwenda kwa aliyebeba, na falanga zinakuja pamoja nayo.

Basi, PDG wa shimo, wewe wa Misisi ao wa Kamituga, unaleta mtoto wako aone dhahabu ikipimwa. Mzani anauona. Wale mama wanaotwanga mawe, tunaowaita twangaise, hawaoni. Likizo hii anzia kwao. Mtoto amsalimie mama, amuulize jina, ashike mchi yeye mwenyewe dakika kumi. Halafu yeye huyo mtoto amhesabie mama falanga zake zote, mkononi, si chini.