Kabla ya Kusema "Nilikaa Tu"



Miaka michache iliyopita niliombwa kuketi pamoja na watu wengine wawili ili tuwahoji vijana waliotafuta kazi katika kampuni moja ndogo inayohudumia migodi ya hapa kwetu. Nafasi ilikuwa moja, ya mtunza ghala. Walioitwa walikuwa 18. Miongoni mwao alikuwamo binti wa Naviundu, mwenye diploma ya Serikali katika mambo ya biashara, mavazi yake nadhifu, Kifaransa chake kizuri kuliko changu. Mwenzangu akamwuliza: tangu umalize masomo miaka mitatu iliyopita, umefanya nini? Binti akainamisha kichwa. Akajibu kwa Kifaransa kwamba hakufanya kitu, kisha akaongeza kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi: "Nilikuwa naikala tu." Tukaandika alama ndogo, tukamwita wa nyuma yake.

Majuma machache baadaye nilimkuta pale Naviundu, amesimama nyuma ya mifuko ya unga wa mahindi katika kibanda cha mama yake. Alikuwa hapo miaka yote mitatu. Unga ule hutoka Zambia kwa njia ya Kasumbalesa, na ndiye aliyeuagiza, ndiye aliyejua ni siku ngapi mzigo utachelewa mpakani, ndiye aliyeamua bei ya asubuhi kwa kuangalia dola imepanda kiasi gani juu ya franka. Chini ya meza alikuwa na daftari: mifuko iliyoingia, iliyotoka, iliyolowa mvua, majirani waliokopa na tarehe walizolipa. Lilikuwa daftari la mtunza ghala, na tena la mtunza ghala hodari. Nilinunua unga wangu nikaondoka kwa aibu.

Aliyepata nafasi ile hakumzidi. Alikuwa kijana aliyefanya staji ya miezi miwili mahali fulani, naye akaisimulia vema: nilipokea hiki, nikahesabu hivi, siku moja hesabu ikanipungukia nikafanya hivi. Miezi miwili iliyosimuliwa iliishinda miaka mitatu iliyofichwa. Lawama ni yetu pia sisi tuliohoji, maana hatukuuliza swali la pili. Lakini mtu mwenye watu 18 mbele yake na mchana mmoja tu hauliza swali la pili mara nyingi, na ninyi lazima mlijue hilo.

Kwa nini binti mwenye akili asema hakufanya kitu? Nadhani tatizo limo ndani ya neno lenyewe, "kazi", jinsi tunavyolitumia katika mji huu. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 ikaanza kuwatuliza wafanyakazi pamoja na wake zao na watoto wao katika kambi zake. Iliwapa nyumba, posho, hospitali na shule. Basi mwenye kazi akawa mtu mwenye namba ya kampuni. Mke wake aliyelima na kuuza, hata mapato yake yalipoifikisha jamaa mwisho wa mwezi, hakuhesabiwa kuwa ana kazi. Johannes Fabian, mtaalamu wa elimu ya utamaduni aliyefanya utafiti wake Katanga katika miaka ya 1960, aliliona neno hilo kuwa zito hata akaliandikia makala nzima mwaka 1973.

Kisha nyakati zikageuka. Gécamines, iliyochukua mahali pa Union Minière mwaka 1967, ilidhoofika, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Hata kabla ya hapo, mwaka 2001, Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikuwa amechapisha kitabu ambacho jina lake la Kifaransa lawaita watu hawa wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Tangu siku zile jamaa nyingi za mji wetu zimelishwa na meza ya mama kando ya barabara, na kwa mauzo ya meza hiyo ninyi mlilipiwa shule. Hata hivyo, mkiulizwa juu ya meza hiyo mbele ya bwana wa kampuni, mwaikana.

Sisemi mjisifu. Nasema mseme yaliyotendeka. "Nilimsaidia mama" ni maneno yasiyomwambia mhoji chochote. "Kwa miaka mitatu nilipokea na kuuza mifuko ya unga, nikihesabu asubuhi na jioni, nikitunza daftari la madeni kwa franka na kwa dola" ni maneno yanayomfanya ainue macho kutoka kwenye karatasi. Na kwa kuwa mahojiano hufanyika kwa Kifaransa, tafsiri hiyo ifanyike nyumbani, si pale mezani huku jasho likikutoka. Nimeona wengi wanaojua kulieleza somo la darasani kwa Kifaransa safi, lakini shughuli za mikono yao hawajawahi kuzitamka kwa lugha hiyo hata siku moja.

Hesabu unazozitaja ziwe za kweli. Swali linalofuata huwa ni: ulijuaje kwamba mfuko mmoja umepungua? Aliyefanya hujibu bila kufikiri. Siku ileile kijana mmoja aliandika kwamba anaijua programu fulani ya kompyuta ya kuhesabu mali. Aliulizwa tu jinsi ya kuingiza mzigo uliorudishwa na mteja, akanyamaza, na baada ya hapo hata mambo aliyoyajua kweli hatukuyaamini tena.

Wapo kati yenu waliochimba kwa mikono katika mashimo yasiyo yao. Hilo ni gumu zaidi, wala sitajifanya nina jibu jepesi. Hakuna anayewajibika kuungama mbele ya mwajiri. Lakini nimemsikia mchimbaji akitofautisha malakiti na heterojeniti kwa jicho, na kukadiria kama jiwe ni tajiri au ni maskini kabla halijapelekwa maabara. Ujuzi huo ni wake, aweza kuutaja bila kutaja shimo.

Najua mtakalonijibu, maana nimekwisha kulisikia mara nyingi: "Papa, hapa bila mtu hupati kazi." Ni kweli mara nyingi kuliko ninavyopenda. Zipo meza ambapo nafasi imekwisha kutolewa kabla ya wa kwanza kuingia, na hapo jibu lako liwe zuri namna gani, litaanguka chini. Lakini siku ile mezani petu hapakuwa na ndugu wa mtu. Nafasi ilikuwa wazi kabisa, na binti wa Naviundu akaiacha mezani kwa sababu aliingia akiamini kwamba imekwisha kuchukuliwa. Kijana anayesubiri nje ya mlango hana njia ya kujua meza ipi ni ipi.

Jambo moja zaidi, kwa ufupi. Mkikubaliwa, ulizeni juu ya mkataba wa maandishi, bila kuogopa kwamba mtaonekana wajeuri. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 yataka muda wa majaribio uandikwe, nao usizidi miezi sita. Kwa kibarua asiye na ujuzi maalumu, mwezi mmoja. Mwajiri mwema haoni uchungu kuulizwa hilo.

Katika mkutano wenu ujao, ketini wawili wawili. Mmoja amwulize mwenzake swali lile la miaka mitatu, kwa Kifaransa, wala asikubali jibu la "nilikaa tu". Aanze na Jumanne iliyopita: uliamka saa ngapi, uliuza nini, nani alikopa, ulirudi nyumbani na kiasi gani. Yule binti alikubali kufanya zoezi hilo nami mwezi uliopita, huku akiwapimia wateja unga. Alisita mara moja tu, kutafuta neno la Kifaransa la deni ambalo mwenyewe hatalilipa kamwe. Bado hajapata kazi, lakini ameitwa mahali pengine, nafasi ya mtunza ghala, nao watakaohojiwa ni wengi.