Kabla ya Kumwaga Sumu, Mpige Picha



Februari iliyopita, saa moja asubuhi, simu yangu iliita. Ni kijana wa huku Babati mwenye ekari sita za mahindi, yamefika magotini. Anahema. "Shikamoo afisa. Ndege wakubwa wamevamia shamba, wako kama mia. Niwawekee dawa gani?"

Nikamwambia, "Marahaba. Usiweke kitu. Wapige picha, unitumie sasa hivi."

Picha ilikuwa na ukungu kidogo lakini ilitosha. Korongo weupe: ncha za mabawa nyeusi, mdomo mwekundu, miguu mirefu myekundu. Na mmoja ameshika kiwavijeshi mdomoni! Kijana aliona wezi, kumbe wale ni vibarua wasiodai hata mia.

Kwa nini ning'ang'anie picha? Kwa sababu niliwahi kukosea. Miaka yangu ya kwanza kazini, mkulima aliniita kwa jambo hilohilo. Sikuuliza wala sikwenda kuangalia. Nikamwambia apige madebe awafukuze. Wakaondoka. Siku nne baadaye viwavijeshi walikuwa wamebakiza mashina. Mzee yule alinunua mbegu mara mbili msimu mmoja, na hakunilaumu hata siku moja. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Korongo hawa ni wageni. Wanazaliana Ulaya, kisha baridi ikikaribia wanaruka kupitia Mashariki ya Kati na bonde la Nile, wanakuja kwetu na wengine wanafika hadi Afrika Kusini. Mwaka 1822 huko Ujerumani aliuawa korongo aliyekuwa na mkuki wa Kiafrika umepenya shingoni. Alikuwa amesafiri nao mpaka kwao! Ndipo wengi kule wakapata ushahidi kwamba ndege hawa huja Afrika. Bado amehifadhiwa Chuo Kikuu cha Rostock.

Wenzetu wa kule, wakati wa baridi, wanawatundikia ndege waliobaki mbegu za alizeti na karanga bustanini, wanawapiga picha na kuwahesabu. Uingereza wana zoezi la kuhesabu ndege wa bustanini kila Januari, tangu 1979. Wengine wanaona huo ni mchezo wa watu walioshiba. Mimi nasema mkulima wa biashara analihitaji zoezi hilo kuliko wao, maana ndege wa kwetu wamo ndani ya hesabu ya faida na hasara.

Simu unayo tayari. Kabla ya kununua chupa ya dawa, fanya hivi:

Simama mbali, jua likiwa mgongoni kwako. Piga picha ya mdomo kwanza. Mdomo mfupi, mnene, kama koleo: huyo ni mla nafaka, mwangalie kwa makini. Mdomo mrefu au mwembamba: mara nyingi ni mla wadudu. Mdomo uliopinda kama ndoano, pamoja na kucha kali: huyo anakamata panya. Kisha piga picha ya mmea alipokuwa. Je, umeliwa, au yeye ndiye amekula kilichokuwa kinaula? Andika tarehe. Misimu miwili tu, utakuwa na kumbukumbu ambayo hata mimi sina.

Na kuwalisha je? Usiwamwagie pumba wala makombo, utawakusanya wala nafaka na panya bure. Hata Uingereza, vyombo vya chakula visivyosafishwa vimesambaza ugonjwa uliowapunguza sana baadhi ya ndege wao. Kwetu chakula kipo shambani. Wape mahali pa kutua: acha miti michache mpakani, au simika nguzo zenye kipande cha mti juu, umbo la herufi T. Mchana atatua kipanga, usiku atatua bundi. Najua bundi anasemwa vibaya vijijini. Lakini anayekula panya wa ghala lako si mchawi.

Kuna atakayesema, "Afisa, na kwelea kwelea?" Hapo sibishani. Mmoja anaweza kula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, na wanakuja kwa makundi makubwa mno. Ukiwaona, usijitengenezee sumu yako. Piga picha, toa taarifa haraka kwa afisa wa kijiji ili ifike kwenye Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Sumu iliyochanganywa na chambo haichagui. Itaua korongo, itaua kuku wa jirani, na mtoto akiokota ndege aliyekufa akapeleka jikoni, hapo hatuzungumzii tena hasara ya mahindi.

Yule kijana wa Babati aliwaacha korongo siku tatu, kisha akanyunyiza dawa sehemu ndogo tu iliyobaki na viwavi. Alivuna. Aliyewahi kunyunyiza ekari sita anajua aliokoa shilingi ngapi.

Ndege wakitua kwako msimu huu, toa simu kwanza. Picha ikikutatiza, nitumie tuitazame wote.

Kazi njema.