Boti za Kivu: simu kavu nayo ni usalama

Mama anayeteremka kutoka Majengo hadi bandari ya Kituku kupanda boti ya Minova hushika vitu viwili kwa nguvu: mtoto na simu. Mtoto humfunga mgongoni kwa kitenge. Simu huitia kifuani, ama ndani ya sasheti iliyobeba ndizi asubuhi. Wimbi la kwanza likiruka ukingo wa boti, kitenge kimelowa, sasheti imelowa, na simu imekufa.

Watu husema simu ni mali, na mali hutafutwa tena. Si kweli kwa wahami wa vita. Ndani ya simu hiyo mna namba za ndugu waliotawanyika tangu kambi za kando ya Goma zilipovunjwa Februari 2025, mna pesa zinazotumwa kwa M-Pesa au Airtel Money, mna picha ya kadi ya kura iliyoungua na nyumba. Juu ya hayo yote, kwenye maji simu ni GPS, yaani kifaa kinachoonyesha mahali mtu alipo.

Ziwa limekuwa barabara. Mapema mwaka 2024 mapigano yalikata njia ya Sake kwenda Minova, na watu na maharagwe yao vikahamia majini. Januari 2025 uwanja wa ndege wa Goma nao ukafungwa. Aliyesafiri wakati huo kwenda Kalehe, Idjwi au Bukavu hakuwa na mengi ya kuchagua.

GPS haihitaji megabaiti wala antena ya kampuni ya simu. Inasikiliza setelaiti, na juu ya ziwa, palipo wazi, hukosea mita chache tu. Ramani ikishapakuliwa mapema nyumbani, simu huonyesha mahali boti ilipo hata bila mtandao. Mtandao ukirudi kidogo, namba mbili zinatosha. Goma iko karibu na 1.68 kusini na 29.22 mashariki. Tarakimu mbili baada ya nukta humleta mwokoaji ndani ya kilomita moja hivi. Tarakimu nne humleta ndani ya mita kumi na moja. Usiku, tofauti hiyo ni kati ya kumwona mtu na kumpita.

Wengine watapinga: tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi ilizama mbele ya macho ya watu wa Kituku, na hakuna GPS iliyokosekana pale. Wana haki. Gavana wa Kivu Kusini alisema ndani mlikuwa na watu 278 na kwamba 78 walikufa. Mzigo ulizidi, jile zilikosekana. Tayari baada ya ajali ya Aprili 2019 Rais Félix Tshisekedi alikuwa ameagiza abiria wawe na jile. Jile ni ya kwanza, na hakuna mfuko wa plastiki unaochukua nafasi yake. Lakini si kila boti hupata shida mbele ya bandari. Nyingine injini huzima katikati ya ziwa, mafuta huisha, upepo huisukuma gizani. Hapo jile humweka mtu juu ya maji. Simu kavu ndiyo huwaambia wengine wamtafute wapi.

Kuna pia anayesema simu yake haiogopi maji. Asome vizuri. Alama ya IPX7, inayoonekana kwenye GPS nyingi za mkononi, maana yake kifaa kilijaribiwa katika maji yaliyotulia, kina cha mita moja, kwa dakika thelathini. Mawimbi ya Kivu hayajatulia, na kina chake kinapita mita 400. Simu iliyoanguka mara moja na kupasuka kioo, au iliyofunguliwa na fundi, haina tena ulinzi huo.

Kinga yenyewe si ghali. Mfuko wa plastiki ngumu usiopitisha maji, wenye kufuli na kamba ya shingoni, ndio bora: GPS husoma setelaiti kupitia plastiki, na hewa kidogo ndani huufanya uelee. Ajaribu kwanza na karatasi kavu ndani ya beseni. Asiye nao atumie sasheti mbili nzima, moja ndani ya nyingine, kila moja ikikunjwa mdomo na kufungwa. Simu ichajiwe kabla ya safari, na isitolewe kila dakika kupiga picha.

Ikilowa, izimwe mara moja. Itolewe SIM na betri kama inatoka, ifutwe, iachwe kwenye hewa siku mbili. Isiwekwe karibu na mbabula. Mchele nao hausaidii. Vumbi lake huingia kwenye matundu. Na isichajiwe kabla haijakauka: maji ya Kivu yana madini mengi, na umeme ukipita humo huila simu ndani kwa ndani.

Lakini jambo hili lisiachiwe mama mwenye sasheti peke yake. Anayechukua nauli ya watu mia anaweza kununua mfuko mmoja kwa simu ya nahodha. Wanaokagua jile na orodha ya abiria bandarini waulize pia: simu iliyochajiwa iko wapi, na imefungwa namna gani? Mashirika yanayogawa ndoo na mablanketi kwa wahami yaongeze mfuko huo kwenye mzigo, hauna uzito.

Nahodha asiyeweza kujibu "tuko wapi?" asiruhusiwe kung'oa nanga. Abiria nao wamuulize swali hilo wakiwa bado wamesimama kwenye mawe ya Kituku.